Kiti cha kuning'inia mtini: kimetengenezwa kwa wawindaji wa upinde Marekani, mimi nimekikalia Mufindi

Nianze na hukumu kwa wasio na muda wa kusoma: kiti ni kizuri, ngazi zake ni za kawaida, na mkanda wa usalama ndio bidhaa yenyewe. Nikiambiwa nibaki na kimoja katika mzigo ule wote, nabaki na mkanda. Kiti fundi wa kuchomelea wa Mafinga atanitengenezea kingine.

Mimi si mwindaji. Nina kitalu cha miche huku Mufindi, parachichi na misindano, na ulevi wangu ni kupiga picha wanyama. Ulanzi unafuata kwa mbali. Bondeni chini ya kitalu kuna kijito na kichaka ambacho marehemu babu alikataza kisiguswe, na humo anakaa pongo, wengine humwita mbawala, dume wa siku nyingi. Majike na watoto wa pongo ni wekundu-kahawia wenye madoa meupe. Dume akizeeka rangi inakolea hadi anakuwa mweusi, na manyoya ya shingoni yanakwisha, inabaki ngozi tupu. Huyu wangu amefika huko. Anapanda alfajiri kula njegere zangu, anarudi kichakani kabla hapajapambazuka vizuri, na picha zote nilizokuwa nazo zilikuwa za makalio yake. Akikusikia anabweka mara moja, unadhani ni mbwa wa jirani, halafu hayupo.

Shemeji yangu, mume wa dada, anaishi Michigan, Marekani, na kila mwaka anawinda kulungu wa mkia mweupe kwa upinde. Alipoziona zile picha alicheka sana, akasema, "Shemeji, kamera yako haina tatizo. Tatizo uko chini. Macho yake na pua yake vyote viko usawa wako." Alipokuja likizo alikuwa na begi moja la kilo 23 lililojaa vyuma, na mkaguzi wa uwanja wa ndege alimuuliza kama ana mgonjwa nyumbani.

Ndani ya begi kulikuwa na hivi. Kiti chenyewe: jukwaa la chuma la kukanyagia, upana wa sentimita 60 hivi, linaloshikiliwa na nyaya mbili zilizovikwa plastiki, na juu yake kikalio cha kukunja. Vyote vinafungwa kwenye shina kwa mikanda ya racheti, ile ile wanayofungia mizigo ya malori, ila myembamba. Ngazi ya vipande vinne, kila kipande kinafungwa peke yake kimoja juu ya kingine. Mkanda wa usalama wa bure uliokuja na kiti, na mkanda mwingine ambao shemeji aliununua kando. Kitabu cha maelekezo, na DVD ya mafunzo ya usalama ambayo hakuna mtu hapa kijijini mwenye mashine ya kuichezea. Kiti alikipata kwa dola 150, karibu laki nne za kwetu. Ngazi na mkanda wa ziada vikavuka kiasi hicho, kwa hiyo ukiota kununua, usipige hesabu ya kiti peke yake.

Huko kwao viti vya mtini viko vya aina tatu. Kuna vyenye ngazi ndefu ya kuegemeza, ambavyo ni vizito lakini rahisi. Kuna vya kupandia, vipande viwili unavyovisogeza juu kwa zamu kwa mikono na miguu mpaka ufike, navyo vinataka shina lililonyooka lisilo na tawi. Na kuna hiki cha kuning'inia, ambacho unakifunga popote mti unaporuhusu. Shemeji alichagua hiki kwa sababu ya begi. Kwa mtu wa huku alichagua sawa hata bila kujua, maana miti yetu ya bondeni haijui kunyooka.

Utaona kila kitu kimefikiriwa kwa ajili ya mtu mwenye upinde. Mbele hakuna kizuizi chochote, kwa sababu mwenye upinde anahitaji nafasi ya kuuvuta bila kugonga chuma. Kikalio kinakunjwa nyuma ili asimame na mgongo wake ugusane na mti. Pembeni kuna kishikio cha kutundikia upinde, usawa wa goti, kusudi mkono usisafiri mbali mnyama anapotokea. Mimi kwenye kishikio hicho natundika kamera yenye lenzi ya milimita 400, na ni kana kwamba walinitengenezea mimi.

Shemeji alinieleza kazi yenyewe inavyokwenda kwao, nami naiandika hapa kwa sababu bila kuijua huwezi kuelewa kiti hiki. Anatumia upinde wa kapi, wenye magurudumu mawili kwenye ncha. Kuuvuta kunataka nguvu ya kilo 27, lakini kamba ikishafika nyuma kapi zinabeba sehemu kubwa, anabaki ameshikilia kilo tano au sita tu, kwa hiyo anaweza kungoja kidogo kabla ya kuachia. Hata hivyo hapigi mnyama aliye mbali: mita 20, ikizidi sana 30. Anataka mshale upite kwenye mapafu yote mawili. Ndiyo maana anasema kupanda juu sana ni sifa za bure. Ukiwa mita nane juu, mnyama aliye karibu unamwona mgongo tu, na mshale unaoingia kwa juu hivyo hukosa pafu moja. Yeye hukaa mita tano, sita. Akishapiga, anabaki mtini nusu saa au zaidi bila kushuka, kwa sababu mnyama akifukuzwa mapema anakwenda kufia mbali. Na madume wadogo anawaacha wapite. Anamtaka aliyetimiza miaka minne na nusu kwenda juu: kifua kizito, tumbo limeshuka, shingo imevimba mpaka miguu inaonekana mifupi. Pembe haziangalii kwanza. Kulungu wa kwao huangusha pembe kila mwaka na kuotesha nyingine, wakati pongo wetu anakufa na zile zile alizoanza nazo.

Sasa kwangu mimi mita nne na nusu zinatosha, na hapo ndipo nilipokifunga. Kwenye mti gani, hilo ndilo jambo ambalo kitabu chao hakinisaidii, maana kinazungumzia mialoni.

Mkaratusi usijaribu. Gome lake linabanduka vipande vipande, ukikaza mkanda leo kesho umelegea kwa sababu kilichokazwa ni gome na siyo mti. Tena mkaratusi unaangusha matawi bila taarifa. Msindano umenyooka vizuri, hata kwa mtu anayetazama tu msitu wa Sao Hill kutoka barabarani unaonekana kama uliumbwa kwa kazi hii, lakini upepo ukianza unayumba na wewe unayumba nao, picha zote zinatoka na ukungu. Utomvu nao unaingia kwenye racheti na kuigandisha. Nilichokipenda ni mvengi, mti wa jamii ya mzambarau. Upo kando ya maji, gome lake ni la kukwaruza hivyo mkanda unashika, na majani ni mengi yanakuficha mgongo. Shina la mvengi wangu unaweza kulikumbatia vidole vikakaribia kugusana, nacho ndicho kipimo kinachofaa. Uwe mti mzima, ulio hai. Mti mkavu hata ukiwa mnene vipi, uache uwe kuni.

Mkanda wa usalama sasa. Ule wa bure ni mikanda mitupu iliyoshonwa, ukiuokota unakuwa fundo, na gizani saa kumi na moja alfajiri huwezi kujua mguu unaingia wapi. Niliutundika ukutani. Wa kununua umeshonwa kama fulana, unauvaa kama koti, vifungo vitatu vinalia tak, tak, tak, umemaliza. Nyuma ya shingo inatoka kamba fupi ya kuunganisha na mti, juu ya kichwa chako. Ukikaa, kamba hiyo isilegee. Ikining'inia mpaka kiunoni maana yake utaanguka kwanza ndipo ikudake, na huo mshtuko ndio unaovunja mtu. Zamani walitumia mkanda wa kiunoni au kifuani tu, wakauacha, kwa sababu aliyeanguka alibanwa pumzi akiwa ananing'inia.

Kuna kitu kimoja kwenye mkanda huu ambacho nilikidharau nikadhani ni pambo: kitanzi kirefu kimekunjwa kwenye kifuko cha pembeni. Kazi yake ni hii. Mtu akining'inia kwenye mikanda bila kukanyaga kitu, mikanda ya mapajani inazuia damu kurudi juu, na katika dakika chache anaweza kuzimia, akafa hali hajavunjika hata kidole. Kitanzi unakishusha, unakikanyaga, unasimama kidogo, damu inatembea hadi watu waje. Tangu nielewe hivyo nakikagua kabla ya kukagua betri ya kamera.

Pia kuna kamba ya kutoka chini hadi juu ya kiti, yenye fundo la Prusik linaloteleza ukilisukuma kwa mkono na kuuma ukilivuta ghafla. Unajiunga nayo miguu ikiwa bado ardhini. Watu wengi wanaoanguka hawaanguki wakiwa wamekaa. Wanaanguka wakitoka kwenye ngazi kuingia kwenye kiti au wakitoka kwenye kiti kurudi ngazini. Nami nimeona kwa nini. Ni ile hatua moja ya pembeni, mkono mmoja umeshika tawi lenye umande na mguu unatafuta chuma gizani. Ukiwa na kamba ile ni hatua ya kawaida tu. Kamera haipandi nami mgongoni. Nimefunga kamba nyembamba kwenye kiti, nikishakaa navuta begi juu, kama shemeji anavyovuta upinde wake.

Kiti kina kasoro zake. Kinalia. Siyo sana, ila Juni na Julai, asubuhi ya baridi kali, chuma kikijikunja panapoungana na kikalio kinatoa mlio mdogo, na pongo hahitaji zaidi ya huo. Nimekata vipande vya mpira wa tyubu ya baiskeli nikaweka kwenye maungio yote, sasa kimya. Godoro lake la sifongo linanyonya maji. Mvua za Mufindi unazijua, kuanzia Novemba mpaka Mei usitegemee kukaa pakavu. Nakwenda na kipande cha godoro la zamani ndani ya mfuko wa mbolea. Mikanda ya racheti haitakiwi kuachwa mtini mwaka mzima: jua linaichosha, kindi wanaitafuna, na mti unanenepa mpaka unaikata. Kitabu kinasema ibadilishwe kila baada ya miaka miwili. Nilimuuliza muuza mikanda ya malori kama yake itafaa, akasema inavuta hata Fuso. Inavuta, ndiyo, ila haina maandishi yanayosema inabeba kilo ngapi, nami sikai juu ya kitu ambacho mtengenezaji wake hajathubutu kuandika namba.

Na siafu. Hakuna neno hata moja kuhusu siafu katika kurasa zile zote. Mvua zikianza wanapanda miti, na mtu aliyefungwa kwenye shina kwa vifungo vitatu hana pa kukimbilia. Mulika shina lote kabla ya kukanyaga ngazi. Majivu shinani yanapunguza kidogo, mvua ikija yanakwenda na maji.

Upepo ndio uliobadilisha picha zangu kuliko hata urefu wa kiti. Bonde letu kabla jua halijatoka hewa baridi inashuka kutoka mashambani kwenda kijitoni. Jua likishapiga mteremko, inageuka na kupanda. Kwa hiyo alfajiri ukikaa upande wa juu wa njia yake, harufu yako inamtelemkia puani. Kiti kiko chini ya njia, karibu na maji. Jioni hesabu inageuka: mchana wote hewa inapanda, unatakiwa uwe juu, lakini jua likizama tu inaanza kushuka na umeshachelewa kuhama. Jioni nimeziacha. Shemeji anaijua hesabu hii vizuri sana, kwao wanaibishania usiku kucha, ila ana msaada ambao mimi sina. Msimu wa upinde Michigan unafunguliwa tarehe 1 Oktoba, bunduki zinaanza 15 Novemba, na katikati hapo madume wanawafuata majike mpaka wanasahau woga. Hata mzee mwenye akili zake anapita mchana kweupe chini ya mti. Pongo hana mwezi wa namna hiyo. Watoto wao huzaliwa karibu mwaka mzima, dume halazimiki kupotewa na akili kwa pamoja na wenzake, na usitegemee matangazo ya kiti yanayoonyesha mnyama akija mbio saa nne asubuhi.

Lakini alikuja. Alipita mita 15 kutoka kwangu, akisimama kila hatua tatu, pembe zimejipinda mara moja na ncha zimeng'aa kwa kuchokonoa udongo, sikio moja lina pengo. Hakuinua kichwa hata mara moja. Picha ya shingo ile iliyonyonyoka ipo, kali, unaweza kuhesabu kope. Kwa hilo kiti kimelipa nauli yake.

Majirani, hiyo ni habari nyingine. Mama mmoja anayekwenda kuchuma chai alisikia kamera, akainua macho: "Kamwene, bwana miche! Nani amekukimbiza mpaka huko?" Kijiji kizima kilijua kabla ya saa nne. Nikushauri, kama utafunga kiti cha namna hii hata kwenye shamba lako, nenda kwanza kwa mtendaji, na askari wa wanyamapori wa kijiji wajue. Mtu aliyevaa nguo za kijani, juu ya mti, alfajiri, kwenye njia ya pongo, hafanani na mpiga picha. Uwindaji kwetu ni kwa leseni chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, na kazi ya kwanza ya TAWA, mamlaka ya wanyamapori, si kusikiliza maelezo yako kuhusu lenzi. Kwa sababu hiyo shemeji aliuacha upinde wake Michigan. Alitamani sana kuuleta. Dada akamwambia auache, na vizuri alimwambia.

Fundi wa Mafinga nilimpelekea kiti akakipima, akanitengenezea chenye ngazi ya kuegemeza, cha bomba la mraba, kwa laki moja na themanini pamoja na rangi. Ni kizito mara tatu ya kile. Watu wawili wanakibeba wakilalamika. Lakini hakilii kabisa, kikalio ni kipana, na mtu mwenye magoti mabovu anapanda kama anapanda darini. Kabla ya kukisimamisha tulikifunga nusu mita kutoka ardhini tukakipakia mifuko mitatu ya saruji, kilo 150, kikalala nayo usiku mzima. Cha Marekani kimeandikwa kilo 136. Cha fundi hakikupinda. Kwa mtu anayetaka sehemu moja tu, kulinda shamba au kutazama ndege, sioni sababu ya kuagiza chuma nje. Dungu la miti na nyasi nalo bado lina kazi yake, walinzi wa mpunga kule Pawaga hawajakosea kitu, ila dungu unalijenga linapoonekana na kila mnyama analijua.

Mkanda ndio fundi aliokataa. Alinirudishia akasema, "Hiki sishoni. Mwenye kushona hiki awe anajua." Nilimheshimu zaidi kwa jibu hilo kuliko kwa kazi ya chuma.

Rafiki yangu wa Tukuyu amesikia habari hizi, anataka kuazima vyote akamtafute kipunji kwenye msitu wa Mlima Rungwe, yule kima ambaye wanasayansi walimtambua mwaka 2003. Nimemwambia kwanza aombe kibali kwa TFS, wakala wa misitu, maana ule ni msitu wa hifadhi. Pili, kipunji mwenyewe anaishi juu ya miti, kwa hiyo faida ya kuwa juu ya macho yake haipo. Atakuwa amekaa sebuleni kwa mwenye nyumba. Hata hivyo amesisitiza. Kiti na ngazi nitampa. Mkanda anunue wake, apime uzito na kifua kwanza kwa sababu saizi zinakwenda kwa kilo, na asome tarehe kwenye lebo: wangu umeandikwa miaka mitano tangu ulipotengenezwa, na ukishamdaka mtu mara moja hautumiki tena.